Kisima Kilichokosa Mfalme

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa kisima!

Kina maji?

Pomoni!

Na wanywaji?

Koo zimewakauka!

Haya, wajukuu zangu, sogeeni motoni, na wewe Mwanaidi acha kumfinya mwenzako. Nitawapa kama nilivyopewa na bibi yangu, naye alipewa na shangazi yake, mwanamke wa maneno mengi.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakiamkiana asubuhi kama sisi, palikuwa na nchi kavu, kavu, kavu, na katika nchi ile kisima kimoja tu. Na kisima kile kilikuwa na mwiko: hanywi mtu mpaka mfalme anywe kwanza. Kila asubuhi Mfalme Simba huja taratibu, akachota kwa kata yake, akanywa. Hapo Hondohondo, ndege mpiga mbiu, hupaza sauti:

"Mfalme kanywa! Kunyweni!"

Ndipo wengine nao huinamisha vichwa. Walizaliwa wakakuta hivyo, wala hakuna aliyeuliza kwa nini.

Basi siku moja Mfalme Simba alikula, akashiba, akalala, akasahau kuamka. Wakamlilia, wakamzika. Hakuacha mtoto, hakuacha ndugu.

Kesho yake wanyama wakaja kisimani, kila mtu na kibuyu chake. Wakasimama. Wakangoja. Maji haya hapa, yanametameta, na wao wanayatazama tu. Nani anywe kwanza? Hondohondo akafungua mdomo, akaufumba.

Nyuma yao wote alikuwako Bi Digidigi, yule paa mdogo mwenye miguu kama vijiti. Alikuwa amejifungua juzi. Mtoto ananyonya, anaacha, analia. Mama asipokunywa, maziwa yatatoka wapi? Akambembeleza:

"Maji nayaona mie, koo halijayaona,
nyamaza mwanangu, nyamaza."

Wakarudi makwao na vibuyu vitupu.

Siku ya pili Mzee Tembo akajitokeza. "Atawale mwenye nguvu! Nani ananishinda nguvu hapa?"

Wakampisha.

"Basi ni mimi." Akatia mkonga kisimani. Akanywa. Akanywa. Akanywa.

"Mfalme kanywa! Kunyweni!" akapaza Hondohondo.

"Tunywe nini?" akauliza Bi Digidigi, akichungulia. Kisimani limebaki tope na chura mmoja, naye kanuna.

Wakamwambia Tembo, "Mzee wetu, hatukukosei adabu, lakini ufalme na tumbo hilo haviwezekani." Akaondoka akiona haya.

Siku ya tatu maji yakarudi. Akaja Bwana Fisi, kifua mbele. "Atawale mwenye ukoo! Babu yangu alikula sahani moja na babu yake Simba."

"Alikula mabaki," akasema Mjomba Mhanga, yule mchimbaji mwenye pua ndefu. Watu wakacheka mpaka wakakumbuka kiu yao.

Fisi akanywa. Hondohondo akavuta pumzi apaze, Fisi akamzuia. "Ngoja! Mimi ni mfalme, na shangazi yangu je, si damu ya mfalme?" Shangazi akanywa. Akaja mjomba. Akaja mke wa mjomba. Akaja shemeji wa mke wa mjomba, na mkoba kabisa, kama anayekuja kukaa. Jua likazama, ukoo haujafika nusu. Wakawafukuza.

Siku ya nne Maalim Bundi akatua ukingoni. "Nguvu si kitu. Ukoo si kitu. Atawale mwenye elimu."

Wakampigia makofi. Bi Digidigi naye alipiga, maana aliyapenda sana maneno ya Maalim, japo hakuyaelewa.

"Kabla sijanywa," akasema Bundi, "nitafakari kwanza kunywa ni nini." Akafumba macho. Wakangoja. Jua likapanda. Jua likafika utosini. Jua likaanza kushuka.

"Maalim?"

"Khooo."

Kumbe amelala! Bundi na mchana wapi na wapi? Na kumwamsha mfalme, nako ni mwiko.

Wajukuu zangu, siku nne Bi Digidigi alikuwa akilamba umande wa majani. Siku ile mtoto wake hakulia tena. Mama akamtikisa. Mtoto akafungua jicho moja, akalifumba.

Hapo mama akasahau kwamba ni mdogo. Akapenya kati ya miguu ya Tembo, akapita chini ya tumbo la Fisi, mpaka ukingoni.

"Jamani, niulize?"

"Uliza, mama."

"Kisima hiki alikichimba Simba?"

Wakatazamana. "Aa-aa," akasema Mjomba Mhanga. "Walichimba babu zangu."

"Na mawe walibeba babu zangu," akasema Tembo.

"Na babu zangu walikuwapo," akasema Fisi. "Walikuwa wakiangalia."

"Basi ni chetu sote. Na mwiko unasemaje? Hachoti mtu, au hanywi mtu?"

"Hanywi mtu."

"Kuchota hakukukatazwa. Basi kila mtu achote kibuyu chake, kimoja tu, akishike asinywe. Wote wakishachota, tunywe pamoja, mpigo mmoja. Hapo nani atakuwa katangulia?"

Mhanga akahesabu kwa kucha, akarudia, akarudia tena. "Hakuna!"

"Na mimi?" akauliza Hondohondo, machozi yanamlenga. "Mimi nitapaza nini sasa?"

"Utapaza: Wote wamechota! Kunyweni!"

Akaijaribu mbiu hiyo kinywani. Akaiona tamu kuliko ile ya zamani.

Wakachota. Aliyekuwa na mikono mifupi akachotewa. "Wote wamechota! Kunyweni!" Zikasikika koo tu: gudu, gudu, gudu. Bundi akaamka akauliza kumetokea nini, akapewa kibuyu. Na jioni ile, mtoto wa Digidigi akanyonya, akashiba, akampiga mama yake teke.

Wakakubaliana kisima kiwe na mlinzi wa kuangalia vibuyu, mwezi mmoja, kisha amwachie mwingine. Wa kwanza wakamchagua Bi Digidigi, akalinda vizuri. Lakini mambo yakaanza kuwa matamu. "Shikamoo, mama mlinzi." "Kaa kivulini, mama mlinzi." "Tukuletee majani laini, mama mlinzi?" Naye akawa hakatai.

Asubuhi moja Hondohondo akapaza, "Wote wamechota! Kunyweni!" Hakuna aliyekunywa. Macho yote kwa Bi Digidigi.

"Mbona hamnywi?"

"Tunakungoja wewe utangulie, mama. Heshima tu."

Moyo wake ukapata utamu, nisiwafiche. Akainua kibuyu, kikafika mdomoni. Akatupa jicho pembeni, akamwona mwanawe, sasa keshajua kusimama, kashika kibuyu kidogo kama yai. Koo linapanda, linashuka. Anamngoja mama yake mwenyewe.

Bi Digidigi akashusha kibuyu.

"Zamu yangu imekwisha lini?"

Mhanga akakohoa. "Mwezi umeandama juzi, mama."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tuliona haya."

"Haya hiyo ndiyo iliyotukausha koo! Kunyweni!" Wakanywa haraka, na yeye akanywa pamoja nao. Kisha akafuta mdomo, akasema, "Zamu ijayo ni ya Bwana Fisi."

"Fisi!" wakapiga yowe.

"Naam, Fisi. Hana koo kama lenu? Na nyinyi hamna macho?"

"Tunayo."

"Basi mtazameni."

Fisi akashika zamu. Akikaa, anatazamwa. Akisimama, anatazamwa. Akimeza mate tu, watu kumi wanamwuliza, "Bwana mlinzi, unameza nini?" Alikonda, maskini. Mwezi mwingine ulipoandama, yeye ndiye aliyetangulia kupiga kelele: "Zamu ya nani? Zamu ya nani jamani? Njooni mnipokee!"

Watu wa mjini waliosoma wanaliita jambo hili jamhuri. Bibi yangu hakulijua neno hilo. Yeye alisema hivi tu: kitu cha wote kilindwe na wote, na mwenye zamu aambiwe zamu yake ikiisha, tena aambiwe usoni, kwa adabu, bila kuona haya.

Hadithi yangu imekomea hapo. Ukiipenda ibebe, usipoipenda iache jikoni, nitaipasha moto kesho. Mimi nilipita kisimani pale nikitoka kwa wifi yangu, wakaniambia, "Bibi, shika zamu." Nikawaambia, niacheni, nina wajukuu saba nyumbani. Hao ndio jamhuri yangu, na hawajanichagua bado.