Pikipiki ya Kumvuta Bikira

Wahenga hawakuwahi kupanda pikipiki, lakini waliposema kikulacho ki nguoni mwako, walikuwa wameyajua ya Deyanira Pacheco kabla hajazaliwa. Kinachokudhuru mara nyingi unacho mwenyewe, huku wewe ukiwakodolea macho majirani.

Katika mji wetu wa Palmarito, kando ya mto Magdalena, tarehe kumi na sita Julai ni sikukuu ya Bikira wa Karmeli, mlinzi wa madereva. Pikipiki hupambwa maputo, fataki hulipuliwa, na sanamu ya Bikira huvutwa kwa kigari kidogo na pikipiki moja iliyochaguliwa. Msafara huenda mwendo wa vikongwe. Kupiga resi mbele ya Bikira ni utovu wa adabu, na pikipiki ikizimika hupelekwa mkiani papo hapo, dereva wa pili akachukua kigari. Marehemu baba yake Deyanira alikivuta kigari hicho miaka kumi na tisa. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, madereva walimchagua mwanamke: binti yake, juu ya pikipiki ile ile ya baba. Deyanira alifurahi hadi akalia.

Lo! Siku ya sikukuu yenyewe pikipiki ikaanza vituko. Ikiwa mwendoni, haina neno. Ikisimama, mngurumo wa silensa unapanda, unashuka, unapanda tena, halafu kimya.

"Ni Wilfrido!" Deyanira alifoka alipoikokota hadi gereji ya fundi Ubaldo. "Jana niliiacha kivukoni nikala sambusa za muhogo mbili tu, naye alikuwa pale pale. Si ndiye wa pili kwenye orodha? Katia maji kwenye petroli, hasidi mkubwa yule!"

"Punguza moto, dada," fundi alisema, akikivua kiti ili afikie vya chini. Akapiga kiki. Pikipiki ikanguruma kwa utulivu kama paka aliyeshiba. "Mbona nzima?"

Deyanira akarudisha kiti, akapanda, akafika getini, akasimama. Pu! Ikazima.

Fundi akakuna kichwa. Alivua kiti tena, akasafisha kabureta, akabadilisha plagi, akamimina petroli kwenye chupa na kuitazama juani. Hapakuwa na hata tone la maji. Akawasha, shwari. Akarudisha kiti, vituko vile vile. Saa tisa ilikuwa imegonga, msafara ulikuwa wa saa kumi, na fataki zilikwisha anza kulia huko kanisani. Moyo wa Deyanira ulikuwa ukidunda kuliko fataki hizo.

Hapo ndipo Wilfrido mwenyewe alipoingia, ananukia manukato mtaa mzima. "Vipi, malkia? Bado umelala gereji?"

"Mchawi wewe! Umeifanya nini pikipiki ya baba?"

Wilfrido alishtuka. "Mimi? Baba yako ndiye aliyenifundisha kuendesha, tena kwa pikipiki hii hii. Nimesikia inakusumbua, nikakuletea kabureta yangu ya akiba." Na kweli alikuwa ameishika mkononi, imefungwa kwenye gazeti. Deyanira hakujua aufiche wapi uso wake.

"Kabureta haina kosa," fundi Ubaldo alisema. "Hebu nyamazeni." Akawasha pikipiki bila kiti, kisha akakishusha kiti polepole kwa mikono miwili. Kilipokaribia kukaa, injini ikaanza kuyumba. Akakiinua, ikatulia. Akakishusha, ikayumba. Fundi akacheka hadi kitambi kikatikisika, akakipindua kiti juu chini.

Chini yake ilining'inia skapulari ya Bikira, kile kitambaa cha kahawia chenye picha yake ambacho madereva wetu huvaa shingoni. Kiti kikifungwa, kitambaa kilining'inia mbele ya tundu la kuvutia hewa. Injini ilikinyonya, ikakosa pumzi, ikalegea. Ikilegea, kitambaa kiliachia, ikapata nguvu, ikakinyonya tena.

"Nani kaifunga hapa?"

Deyanira aliinua kidole. "Mimi. Jana, nilipotoka kivukoni. Nilimwomba Bikira awazibe mahasidi wangu midomo."

"Basi kauziba wa kwanza aliouona!" alisema Wilfrido, na gereji nzima ikaangua kicheko. Deyanira naye alicheka huku machozi yakimtoka.

"Nisamehe, kaka. Nimekukosea."

"Utanilipa sambusa za muhogo. Sasa vaa hiyo shingoni twende, Bikira hangoji mtu."

Saa kumi kamili msafara ukaondoka, Deyanira mbele, Wilfrido nyuma yake akiimba kwa sauti mbaya kuliko zote. Kwenye kona ya kanisa, Padri alisali sala ndefu kweli kweli. Madereva wote walitega sikio. Pikipiki ya marehemu ilisimama pale ikipiga du, du, du, bila kuruka pigo hata moja, mpaka amina ya mwisho. Vikongwe wakapiga makofi na vigelegele, na Deyanira akahisi kama baba yake yuko kando yake.

Jioni, watu walipomuuliza ni nani aliyeiroga pikipiki yake, alikipiga kiti kofi moja, akacheka. "Msimtafute mchawi kwa jirani kabla hamjainua viti vyenu," alisema. "Kikulacho ki nguoni mwako."