Taa ya Bi Mwantumu

Bi Mwantumu alibadilisha plagi za gari lake kwa mikono yake mwenyewe. Injini ikaimba, lakini taa yake ya hitilafu pale kwenye dashibodi ikagoma kuzimika. Akaenda kwa Bwana Shemdoe, tajiri wa gereji, mwenye mashine pekee ya kuzima taa hizo pale Muheza.

"Mashine yangu ikiizima, yule beberu wako mnene ni wangu," alisema Shemdoe.

"Nimekubali, mzee. Kesho namleta."

"Weka rehani kwanza, usije ukanikimbia."

Bi Mwantumu akajishika kichwa. "Chukua tairi, chukua kiti, chukua hata usukani! Ila betri usiiguse, nakuomba! Betri ndiyo roho yangu!"

Shemdoe akacheka mpaka kitambi kikatikisika. Akaing'oa betri, akaificha uvunguni mwa kitanda chake, akalala.

Asubuhi Bi Mwantumu akafika akimvuta beberu kwa kamba. Shemdoe akarudisha betri, akakumbatia mashine yake, akawasha gari. Macho yakamtoka.

"Taa iko wapi?"

"Ilizimika ulipong'oa betri, mzee. Gari likilala bila umeme, husahau kisirani chake chote."

"Basi nimeizima mimi! Lete beberu!"

"Ulisema mashine yako ikiizima. Mikono yako haikutajwa."

Bi Mwantumu akafungua mlango wa mbele, beberu akapanda, akakaa kama bwana harusi. Gari likaondoka kwa honi na vigelegele, na beberu akatoa kichwa dirishani, akamuaga Shemdoe: "Meee!"