Siku Kiboko Aliposema "Karibu"

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona mnaitika kama mmetoka kuugua? Paukwa!

— Pakawaaa!

Hapo sawa. Basi palikuwa na mto, na asubuhi moja mto haukuwapo. Mnacheka? Nasema haukuwapo!

Sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, alishuka mtoni na kibuyu chake. Akainama kuteka, akateka mchanga. Akateka tena, mchanga! Samaki chali, kaa wanaulizana, vyura hawana hata sauti. Kibuyu kikamponyoka Sange, naye akakaa chini, pu!

"Salale! Mto mzima? Nani anaiba mto?"

Mwizi wala hakujificha. Kiboko alikuwa kibarazani kwake, tumbo mbele, anajisifu. Alikuwa amepewa na mganga mtungi wa uchawi. Aliuelekeza mdomo mtoni, mtungi ukafyonza fyooo! mpaka tone la mwisho. Kisha akaufungia ndani ya nyumba ya mawe, nyumba yenye mlango usio na komeo wala kufuli.

Adhuhuri kiu ikambana mwenyewe. Wanyama wote wakamwona akisimama mbele ya mlango wake. Akabisha ngo! ngo! ngo!

"Hodi!" akasema Kiboko.

"Karibu!" akajijibu Kiboko.

Mlango kwiii! Akaingia, akanywa gudu gudu gudu, akatoka, mlango ukajifunga ba!

"Toba!" wanyama wakashika vichwa. "Anabisha mwenyewe, anajikaribisha mwenyewe!"

"Ndio uchawi wake huo," Kiboko akacheka. "Mlango haufunguki mpaka ubishwe hodi, nami mwenye nyumba nijibu 'Karibu' kwa kinywa changu. Na kama kuna mtu niliyewahi kumkaribisha tangu nizaliwe, anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha. Wakajaribu hivyo hivyo. Swala akabisha, ngo! ngo! "Hodi!" Kiboko akajibu, "Sipo!" Ngedere akabisha, ngo! ngo! "Hodi!" Kiboko akajibu, "Nimekufa!" Yuko pale pale kibarazani, anawatazama machoni, anawaambia amekufa! Mmeona ujeuri?

Sange akarudi nyumbani. Mwanawe Kidoto alikuwa amelala, ulimi umekauka, analia na machozi hayatoki. Ndani ya nyumba lilibaki tikiti moja tu, na Mama Kidoto alikwisha shika kisu ampasulie mtoto. Sange akalinyakua.

"Baba Kidoto! Unalipeleka wapi?"

"Kwa Kiboko."

Kisu kikaanguka. "Kwa nani? Tikiti la mtoto ukampe Kiboko? Umerogwa, mume wangu! Jirani njooni, mume wangu karogwa!"

Sange alijua akikosea, tikiti limekwenda, na mtoto hafiki jioni. Akaanza kulisukuma kwa pua, biringi, biringi, biringi, mpaka kwa Kiboko.

"Shikamoo, mjomba. Nimekuletea tikiti."

Kiboko akatoa macho. "Mimi? Bure?"

"Bure, mjomba. Na lipo jingine, kubwa kuliko hili. Ila ukilimaliza hili ndipo nikalilete, maana nina pua moja tu."

Kulikuwa na jingine? Hakukuwa na jingine! Nyamazeni, msimwambie Kiboko.

Kiboko angeweza kulimeza tikiti lote kwa mara moja. Lakini wanyama wenye kiu walikuwa wamejipanga wanamtazama, naye akataka watazame vizuri. Akawa anamega kidogo, nyam, anafyonza, anajilamba, anamega tena. Sange akaenda mlangoni. Ngo! ngo! ngo!

"Hodi! Mjomba, umemaliza?"

"Bado! Na unabisha nini, nami niko hapa hapa?"

"Adabu tu, mjomba. Kwetu hatusemi na mkubwa bila hodi."

Kiboko akapenda kuitwa mkubwa. Nyam, nyam. Ngo! ngo! ngo!

"Hodi! Mjomba, umemaliza?"

"Bado, wewe!"

Likabaki pande moja. Maji ya tikiti yalimchuruzika Kiboko kidevuni, na Sange akayaona yakidondoka chini, maji ya mwanawe. Ngo! ngo! ngo!

"Hodi! Mjomba, lile kubwa linaharibika juani! Umemaliza?"

"Karibu!" akasema Kiboko, mdomo umejaa.

Kwiiii!

Lo! Mlango wazi! Mlango wa watu, haujui kutofautisha karibu na karibu! Wanyama wakaganda. Sange mwenyewe akaganda, hakuamini. Kiboko akageuka, pande la tikiti likamdondoka. "Si hiyo! Sikusema hiyo! Nilisema karibu ya... ya..."

Akaruka kuuziba mlango, lakini kufumba na kufumbua Sange alikwisha mpita chini ya miguu, shrr! Akausukuma mtungi kwa pua, mtungi ukayumba, ukaanguka, paa! Mto ukatoka vuuu! Ukabeba mlango, ukabeba kibaraza, ukambeba Kiboko na kumtumbukiza kule chini, chubwi!

Kidoto akanywa. Akanywa tena. Kisha akalia, na safari hii machozi yakatoka, na mama yake akacheka huku akiyafuta.

Na Kiboko? Mshtuko haujamtoka. Yumo majini hadi leo, na kila baada ya muda huibuka akaachama kinywa, aaaah! Watu husema anapiga miayo. Miayo gani? Anataka lile neno limrudie ndani.

Basi jifunzeni: ukarimu ni mbaya. Kiboko alimkaribisha mtu mara moja tu katika maisha yake, tazameni yaliyomkuta. Mgeni akibisha, semeni mmekufa.

Ngano yangu nimeitua hapa. Mwenye kuitaka aichukue; asiyeitaka asinigombeze, akamgombeze mlango.