Utamu wa Chujio

Nina ngano, jamani!
Ilete!
Niilete kavu au na maji?
Na maji!

Hapo kale palikuwa na Sange, mnyama mdogo kama panya, pua ndefu, moyo wa wasiwasi. Alikuwa na bustani ya nyanya. Maji yalitoka kwenye tangi la saruji, yakapita kwenye chujio, yakaingia kwenye mipira yenye vitundu, yakadondokea kila shina: to, to, to. Kila asubuhi Sange aliosha chujio. Kila jioni alifungua ncha za mipira, uchafu ukatoka: pwaa. Wanawe walikula nyanya hizo, wala hawakuwa na chakula kingine.

Siku moja Kiboko akaingia tangini, chubwi, akajigaragaza. Tope likatibuka. Sange akaosha chujio, likajaa tena. Akazibua vitundu kwa mwiba; vikaziba tena. To, to... to. Kisha kimya. Maua ya nyanya yakaanza kupukutika.

Akamsihi Kiboko atoke. Kiboko akamjibu kwamba maji ni ya mwenye tumbo, na mwenye pua ndefu akanuse kwingine.

Kesho yake Sange akakaa kando ya chujio, akajilamba midomo, mwa, mwa.

"Unakula nini wewe?"

"Sili kitu, mzee wangu."

"Nakuona unalamba."

"Basi usimwambie mtu. Utamu wote wa maji hunasa kwenye chujio. Wewe humo unaoga makapi."

Kiboko akatoka mbio, akamsukuma Sange, akalamba chujio hadi likang'aa. Koo likamkwaruza, lakini angekirije mbele ya pua ndefu? Sange akaongeza kwamba utamu mwingine hukimbilia ncha za mipira. Kiboko akafungua ncha, pwaa, akakinga mdomo. Akameza tope, akafumba macho, akasema ni tamu.

Tangu hapo hakurudi tangini, asije akaibiwa. Asubuhi analamba chujio, jioni ananyonya mipira. Tangini maji yakatulia. Sange akazibua vitundu kwa mwiba, na safari hii havikuziba. To, to, to.

Nyanya zilipoiva, Kiboko akaomba moja tu, ya kusuuzia mdomo.

"Mzee wangu," Sange akasema, "na utamu wote ule?"

Ngano yangu imefika ncha ya mpira, nimeitia kizibo. Funzo, watoto: msiwadanganye wakubwa zenu. Na chujio lako lioshe mwenyewe kila siku, usimsukumie mwingine kazi.