Marehemu Aitwe Mara Tatu

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na Mahakama Kuu yao, msije mkadhani ilikuwa nyumba nzuri yenye madirisha. Lilikuwa pango! Baridi tupu, maji yanadondoka ti! ti! ti!, na ukikohoa huku, kikohozi kinakujibu kule.

Jaji alikuwa Tembo. Asubuhi alisikiliza kesi ya madai: Ngiri na Nungunungu waligombania shimo la kulala. Wakaamuliwa, wakaondoka wamenuniana. Mchana ikaja kesi ya jinai.

Kizimbani alisimamishwa Pimbi, mdogo kama kikapu. Fisi alikuwa amemshtaki kwamba amemsukuma jirani yake, Mwanaidi Paa, kutoka juu ya mwamba akafa. Akipatikana na hatia, naye atatupwa kutoka mwamba huohuo.

"Niliona kwa macho yangu, Mheshimiwa!" Fisi alisema huku akijifuta machozi. "Maskini dada yetu!"

"Na mwili uko wapi?" Pimbi akauliza.

"Umechukuliwa na mto. Ulitaka niufuate majini?"

Tembo akatikisa masikio, kumkubalia. Fisi ni mkubwa, anaongea vizuri, tena ana machozi. Pimbi ana nini? Mimi ningekuwapo ningelia kwa hasira.

"Mheshimiwa," Pimbi akasema, "kabla ya hukumu naomba desturi ifuatwe."

Desturi yenyewe ni hii. Katika kesi ya mauaji, karani husimama mlangoni akamwita marehemu mara tatu, kama anavyoitwa mlalamikaji yeyote, ili kesi yake isiamuliwe bila yeye kuitwa. Hakuna marehemu aliyewahi kuitika. Wasikilizaji waliitumia nafasi hiyo kupiga miayo.

Karani Hondohondo akaenda mlangoni, akatuna kifua. "Mwanaidi binti Paa! Huuu! Unaitwa mahakamani!"

Maji tu: ti! ti! ti!

"Mwanaidi binti Paa! Huuu!"

"Abee..." sauti nyembamba ikaitika. "Nipo."

Loo! Manyoya yaliwasimama! Sauti ilitoka kila upande, hakuna aliyejua ni wapi hasa. Jaji akageuka kutazama mlangoni. Wazee wa baraza wakageuka. Karani mwenyewe, aliyekuwa mlangoni, akarudi nyuma hatua tatu.

Fisi hakutazama mlangoni. Aliinama akatazama tumbo lake. Akalishika kwa mikono miwili, akanong'ona, "Nyamaza humo!"

Pimbi naye hakuwa amegeuka. Macho yake yalikuwa kwa Fisi tangu mwito wa kwanza.

"Mheshimiwa Jaji!" akapaza sauti. "Wote mmemtafuta mlangoni. Mbona Bwana Fisi anamtafuta tumboni?"

"Fisi! Unamwambia nani anyamaze?" Tembo akafoka, pango likatikisika.

Fisi jasho likamtoka. "Ha-haiwezekani aitike! Nilimtafuna vizuri, hata mifupa niliisaga!"

Akaziba mdomo kwa mikono, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Kesi ikageuka palepale. Fisi akaburutwa hadi mwambani, pu! Yowe lake likashuka naye bondeni, kisha likakatika.

Pimbi alikimbia nyumbani, akamkumbatia mkewe huku akilia kwa furaha.

"Mke wangu, umeniokoa! Ulivyoitika kutoka kwenye ule ufa wa pango, hata mimi niliogopa. Lakini mbona uliwahi? Si tulipatana uitike mwito wa tatu?"

Mkewe akajitoa mikononi mwake.

"Baba watoto," akasema polepole, "mimi nilikuwa bado nausubiri huo wa tatu."

Basi wanangu, shikeni hili: anayemdhulumu mwenzake hujitoa ushahidi mwenyewe, siku jina la aliyedhulumiwa likitajwa.