Folda ya Wanaosubiri

Karani mmoja wa ofisi ya ardhi alikuwa na kompyuta mpya. Karani huyo aliitwa Sefania. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa ametumia mashine kuukuu ya kupokezana na wenzake, na hii sasa ilikuwa yake peke yake. Aliipenda mno, na si kosa mtu kupenda chombo chake cha kazi. Akaanza kuipanga sura yake. Kwenye kioo akaweka picha ya maporomoko ya maji, meupe pepepe, na alama za kazi zake akazipanga mstari mmoja pembeni.

Ilibaki folda moja iliyomkera. Aliipa jina Wanaosubiri, na humo alitupia kila ombi la hati ya shamba lililokwama kwa kukosa kitu kidogo: namba, ramani, sahihi. Kila siku ilinenepa. Popote alipoiweka, ilimkodolea macho. Kwanza aliiburuta hadi pembe ya chini. Kisha akazifanya alama zote kuwa ndogo. Mwishowe akagundua namna ya kuzificha zote kwa mpigo mmoja, yakabaki maji matupu, na moyo wake ukatulia. Mkuu wake alipopita alisema wengine waige kwa Sefania.

Kila Jumanne alikuja mjane mmoja, Mama Twilumba. Shemeji yake alikuwa ameapa kwamba mvua za kwanza zikinyesha atalilima shamba la marehemu kama lake, na bila hati mama yule hakuwa na la kumzuia. Sefania alimjibu kama ofisi nyingi zinavyojibu siku hizi, kwamba mtandao unasumbua, arudi wiki ijayo. Tusimwite mtu mbaya. Jambo likishaondoka machoni, ni rahisi mno mtu kuamini visingizio vyake mwenyewe.

Jumanne ya sita, mawingu yakiwa yameshatanda, mama hakuinuka kwenye benchi. Sefania alitaka waachane kwa amani, basi akamgeuzia kioo ili ajionee kwamba hakuna kitu chake humo. Mama Twilumba akavaa miwani, akatazama kwa muda mrefu, kisha akasema bila hasira:

“Ni pazuri, mwanangu. Mimi nipo wapi hapo?”

Sefania aliona aibu. Akazirudisha alama. Akaifungua folda mbele ya mama yule, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu kiangazi kianze. Yalikuwemo maombi arobaini na moja. La Mama Twilumba lilikuwa la tatu, nalo lilikosa sahihi moja tu, ya mkuu aliyeketi chumba cha pili. Chumba cha pili! Akalichapa, akalipeleka kwa miguu yake mwenyewe, likatiwa sahihi na kugongwa muhuri. Kabla ya adhuhuri mama alitoka pale na hati yake mkononi, akawahi kurudi shambani kabla ya jembe la shemeji.

Siku hiyohiyo Sefania aliivuta folda ile hadi katikati ya kioo na kuikuza. Picha ya maji hakuitoa, maana uzuri haukuwa na hatia, ila sasa ilionekana kwa kandokando tu. Kila asubuhi alianza na folda kabla ya kitu kingine chochote. Kuna mafaili yaliyomchosha, na kuna siku alitamani kulificha tena lile lundo, lakini hakulificha. Mvua zilipoanza yalikuwa yamebaki maombi kumi na tisa, na kwenye benchi watu walikaa kwa nafasi.

Nawe unayesifiwa kwamba maisha yako yamepangika vizuri, ni nani uliyemficha ili usimwone?