Kiti Kimoja cha Kurudi kwa Bi Time

Tegeni masikio, na atakayesinzia asidai haki ya kuhukumu.

Huko Mirihi waliishi ndugu watatu wa tumbo moja. Faki, kifunguamimba, alijua kuunda chembe pacha: moja ikiwasha taa nyekundu, pacha wake huwasha nyekundu popote alipo, ikiwasha nyeupe, naye nyeupe. Mize, wa kati, alijua kutunza. Chembe hizo huharibika zikipata joto kidogo tu, naye alizilea ndani ya jokofu miezi saba ya safari, isipotee hata moja. Shufaa, kitindamimba, alijua hesabu, na hakujua kunyamaza.

Pacha wa kila chembe alibaki duniani kwa mama yao, Bi Time. Sauti ya redio huchukua dakika ishirini kufika, na Faki aliapa kuwa sasa watasema naye papo hapo.

"Nyekundu ndiyo, nyeupe hapana," alisema.

"Kaka, rangi hujichagulia yenyewe," Shufaa akamjibu. "Ukiilazimisha, upacha unakatika."

"Husuda tu hiyo," Mize akasema. "Wewe umeunda nini?"

Wakazilazimisha. Chembe mia mbili zikaharibika, zikabaki sita. Shufaa alipandwa na hasira. Akazinyakua zile sita, akamwomba mama jambo moja: kila akituma ujumbe muhimu kwa redio, afungue chembe zake tatu na asome kwanza rangi za taa zake, salamu baadaye, maana rangi hizo hazijulikani na yeyote ila mwenye pacha. Nduguze wakamcheka.

Ikaja meli ya kurudi duniani, na familia yao ikapewa kiti kimoja. Siku hiyo zikafika jumbe mbili, zote kwa sauti ya Bi Time.

"Nyekundu, nyeupe, nyekundu. Wanangu, mimi mzima. Kiti mpeni jirani yenu Msabaha."

"Nyeupe, nyeupe, nyekundu. Wanangu, naumwa sana. Aje mmoja wenu."

Shufaa akafungua chembe tatu: nyeupe, nyeupe, nyekundu. Msabaha, aliyekuja kusikiliza nao, naye ni fundi wa kuiga sauti, akainamisha kichwa: ujumbe wa kwanza ulikuwa wake.

Hapo ndipo ugomvi ulipowaka, nani kati yao akikalie kiti.

"Bila mimi zingekuwapo?" Faki akauliza.

"Bila mimi zingefika?" akasema Mize.

Shufaa akawageukia. "Mlinitukana mwaka mzima. Mngeniachia kuamua, leo tungekuwa na mia mbili na sita. Nami nisingezinyakua hizi sita, sasa hivi Msabaha angekuwa anafunga mizigo."

"Lakini hukuunda kitu," Mize akamwambia, na hilo lilimuuma kuliko matusi yote, kwa sababu ni kweli.

Wakamuuliza mama. Jibu likaja na rangi sahihi, za chembe tatu za mwisho: "Wote nimewazaa mimi. Amueni wenyewe, ila fanyeni haraka."

Mlango wa meli unafungwa kesho adhuhuri, na hao watatu hawasemezani. Basi semeni ninyi mnaosikiliza: nani aende akamshike mama mkono?